Zamu ya Karani

Mkono wa kulia wa Karani ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto. Si maneno yangu peke yangu, muulizeni yeyote aliyewahi kupeleka pamba kwenye chama cha ushirika enzi zile. Wakulima tulisema umerefuka kwa kuzamishwa kwenye magunia. Maana mkulima wa pamba, na mimi nilikuwa mmoja wao, akiona gunia lake jepesi hulimwagia maji, au hutia mchanga katikati, halafu juu anapanga pamba nyeupe safi kama meno ya mtoto. Karani hakutazama juu. Alikunja shati, akazamisha mkono mpaka kwapani, akafumba macho, akakaa hivyo kama mtu anayesikiliza ukuta. Kisha akautoa.

"Mayu, pamba hii ina maji. Nenda kaianike."

Mayu kwa Kisukuma ni mama. Aliniita mayu nikiwa bado msichana wa juzi, mimba ya kwanza tumboni, mzigo kichwani, na akanirudisha nao vilevile. Nilimtukana njia nzima mpaka nyumbani. Ndivyo tulivyojuana.

Jina lake nalijua, sitaliandika. Tulimwita Karani, na akabaki Karani hata chama kilipokufa na mizani ikachukuliwa. Kwao ni wapi, babu yake nani, watu wake walifika huku ziwani kwa njia gani, hilo sikulijua, jirani yake hakulijua, wala mkewe hakulijua. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililonikalisha chini na kalamu, mimi wa darasa la nne.

Miaka ile serikali ilipofungua milango, kila mwenye lori akawa mnunuzi wa pamba. Ghala la chama likafungwa, makarani wakapunguzwa. Kuna waliofungua vioski, kuna waliokunywa gongo mpaka miguu ikavimba. Karani aliondoka pale na kitu kimoja: ubao wa matangazo uliokuwa ukutani, ule wa kubandikia bei. Ubao mpana, wa rangi ya kijani, upande mmoja juu umeandikwa DARAJA LA KWANZA na upande wa pili DARAJA LA PILI. Yeye alikaa ng'ambo ya ziwa, Busisi. Siku moja alivuka na kivuko, akauleta mpaka kwangu Mkolani umefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, akautegemeza kwenye ukuta wangu kabla hata hajaomba.

Nilikuwa kwenye karai langu nakaanga mapanki. Asiyeyajua mapanki, ni mifupa ya sangara. Viwanda vya samaki vinakata minofu, minofu inapanda ndege, sisi wenye ziwa tunabaki na kichwa na uti wa mgongo.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Umekuja kunirudishia pamba? Silimi tena."

"Nimekuja kuomba ukuta."

"Ukuta wa nini?"

"Watu wako hapa wakisubiri mafuta yachemke, wanatazama nini?"

"Wananitazama mimi."

"Basi tuwapumzishe," akasema, na uso wake haukucheka hata kidogo.

Ndani ya mfuko wa rambo alikuwa na karatasi alizoandika, nyingine alizoandikiwa na watu. Zote zilikuwa habari za zamani, na zamani yenyewe aliikata kwa shoka: kabla ya Mjerumani. Habari za wafua chuma wa upande wa Geita, wakati jembe lilikuwa ndilo mahari. Habari za mawe yanayolia kama kengele ukiyagonga. Za wakwanguaji wa chumvi. Za njaa zilizopewa majina. Alizibandika kwa uji mzito wa muhogo, akazipiga kwa kiganja kama anayebembeleza mtoto.

Kisha akaniwekea masharti, ubao hauna hata dakika kwangu! Kwamba utalala kwangu mwezi mmoja wa angani, mwezi ukiandama unahama kwenda kwa mwenyeji mwingine. Kwamba mwenyeji ndiye anayechagua karatasi zipi zikae wapi, na siku ya kuufungua anapikia watu chochote, hata matobolwa, yale ya viazi vikavu. Kwamba wasiojua kusoma wasomewe kwa sauti. Kwamba anayesema "uongo!" anyamaze, au alete karatasi yake mwezi ujao. Na sharti kubwa kuliko yote: hakuna anayejiandikia ukoo wake. Wa kwako, jirani anakuja kukuuliza, na jirani ndiye anayeandika.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Mtu akijiandikia mwenyewe, analowesha."

"Na wewe? Nani atakuandikia?"

"Mwenye kupakua hula mwisho, mayu. Ubao ukishawapitia wote, zamu yangu itafika. Mtakuja kuniuliza, na mimi nitasema."

"Sisi hatumaliziki, Karani. Utakufa na njaa."

Hapo akacheka.

Mnisikilize. Nimekaa na watu wa kila namna, sijaona mtu aliyewatesa watu kwa maswali kama huyu. Karatasi ikiletwa aliishika kwanza kiganjani, akaipandisha na kuishusha. "Nyepesi hii." Au, "Hii imelowekwa." Kisha anazamisha mkono. Ukiandika kwamba babu wa jirani yako aliua simba, atakuuliza simba alikuwa amekuja kula nini, ngozi ilivaliwa na nani, mkuki ulifuliwa wapi. Ukijikwaa, karatasi inakwenda daraja la pili. Watu waliogombana kwa ajili ya daraja, jamani! Kuna mzee wa heshima alilala bila kula kwa sababu bibi yake mzaa baba alibandikwa daraja la pili.

Ukoo wangu uliandikwa na Mkunga. Huyu alikuwa mkunga mstaafu, Mhaya kutoka Kagera, aliyejenga Kiseke, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya ziwa. Alikaa nami siku nzima akiniuliza habari za bibi yangu mfinyanzi. Karani aliposoma akazamisha mkono mpaka kwapani: udongo ulichimbwa wapi, vyungu vilichomwa kwa kuni au kwa mavi ya ng'ombe, mwenye hedhi aliruhusiwa kufika pale? Nikajibu yote. Nilikuwa nimemshikia bibi yangu udongo kwa mikono hii. Akapaka uji, akaibandika daraja la kwanza, juu kabisa. Mpaka leo nikikumbuka natembea kifua mbele. Wapo wenye digrii waliobandikwa chini yangu.

Mkunga na mimi tuligombana kila mwezi kama mtu na wifi yake. Yeye alisoma habari za chuma cha Uhaya mbele ya wateja wangu, halafu akanigeukia.

"Mmesikia? Sisi tunayeyusha chuma, nyinyi mnakimbizana na ng'ombe."

"Na majembe yenu mlimuuzia nani, migomba? Ndizi hailimwi, inatazamwa!"

"Mama, ndizi ina adabu. Haikuoteshi sugu."

"Ndiyo maana mikono yako laini kama ya askofu."

Karani alikaa katikati yetu akila kichwa cha sangara, anafurahi, mikono yote mafuta. Hakuna chakula alichokipenda kama vichwa. Alinyonya kila mfupa mpaka ukawa mweupe, kisha akaupanga na mwenzake pembeni kama mtu anayetaka kumjenga samaki upya.

Lakini msemo wake, ule ambao watoto wa Mkolani walimwimbia akipita na baiskeli, ulizaliwa Busisi. Ubao ulikuwa umefika kwao huko, kwa fundi cherehani karibu na gati, nami nilikuwa nimevuka kuutazama, na watu walileta karatasi nyingi kuliko mahali pengine popote. Karani alizisoma moja moja kwa sauti. Babu wa huyu mtemi. Babu wa yule mtemi. Huyu mganga wa mtemi. Yule mtemi aliyenyang'anywa na mtemi. Alipofika ya mwisho akaziweka chini zote.

"Jamani," akasema, "watemi wote hawa, nani alilima?"

Watu waliangua kicheko mpaka waliokuwa wakisubiri kivuko wakasogea kuuliza kuna nini. Yeye hakucheka. Akawarudishia karatasi zao. "Nileteeni waliolima. Aliyelima alikula nini? Aliamka saa ngapi? Mtemi akipita, aliinama kiasi gani? Nani alilima?"

Na hapo mzee mmoja, mkulima wa pamba wa zamani, ambaye alikuwa amesimama nyuma na fimbo yake, akapaza sauti. "Karani! Waliolima unawajua. Ulikuwa unawapimia. Ile mizani yako ilikuwa ikilala upande gani?"

Vichwa vyote vikamgeukia Karani. Maana kila mmoja wetu pale aliwahi kutoka ghalani akiwa na shaka. Tulilowesha pamba, ndiyo, lakini mizani nayo ilikuwa na ulimi wake, na makarani wale walijenga nyumba za bati wakati sisi tunabadilisha nyasi. Nilimtazama. Nilidhani atakasirika.

"Ilikuwa inalala upande wa chama," akasema. "Na mara nyingine upande wangu. Ndiyo maana uongo naujua, baba. Nimeushika kwa mkono."

Akapanda baiskeli akaondoka. Sasa mtu wa namna hiyo mtamwitaje? Aliwalazimisha watu waseme kweli mpaka mfupa, na yeye alikuwa amekula jasho letu. Alikataa pesa ya ubao hata ya kununulia muhogo wa gundi, na bati la nyumba yake lilikuwa letu. Sijamaliza kuliamua hilo. Ninachojua ni kwamba kuanzia siku ile hakuuliza tena swali hilo kwa kuchekesha.

Kilichomsumbua ni makaburi. Alikuwa akikimbizana nayo, na makaburi hayachoki. Kulikuwa na bibi mmoja Mkerewe, ng'ambo huko, ambaye baba yake alikuwa mshona mitumbwi, wakati mitumbwi ilishonwa kwa kamba kabla misumari haijafika. Bibi huyo ndiye aliyesokota kamba akiwa mtoto. Karani aliahidiana naye, tairi likapasuka njiani, akafika kesho yake akakuta turubai na moto wa matanga. Mtu mwingine angekaa, akatoa rambirambi, akaondoka. Yeye alimfuata mtoto wa marehemu.

"Aliwahi kukuambia kamba ilikuwa ya mti gani?"

"Mzee, tumetoka kuzika sasa hivi, wewe unauliza kamba?"

"Mti tu. Jina la mti."

Walimfukuza. Alikuja kwangu na vumbi mpaka kwenye kope, akakaa kwenye kigoda, akakataa samaki. "Mti gani, mayu?" akawa anasema. "Mti gani? Alikuwa nao mdomoni juzi." Nikamwambia miti ni mingi. Akanitazama kama niliyemtukana.

Sasa niwaambie jinsi ubao ulivyovunjika mguu. Mvua ilikataa mwaka huo. Mahindi yalisimama mashambani yakiwa na rangi ya karatasi ya kaki. Ubao ulikuwa kwa Mwenye Mashine, jirani yangu aliyekuwa na mashine ya kusaga, na ulikuwa na karatasi inayoeleza jinsi watu wa zamani walivyofanya mvua ikikataa. Kwanza walimpelekea mtemi kondoo mweusi, ili aombe. Mvua ikikataa tena, walimvua utemi, wakamchukulia ngoma yake, akaenda zake.

Ajuza wawili waliokuja kusaga walisomewa karatasi hiyo. Walirudi nyumbani na unga wao. Kesho yake wakaonekana wanamburuta kondoo mweusi, moja kwa moja mpaka ofisi ya Mtendaji wa Kata. Mmoja alikuwa shangazi wa marehemu mume wangu, kwa hiyo nilisimuliwa na mwenye kisa.

"Shikamooni bibi zangu," Mtendaji akasema.

"Marahaba. Tumekuletea kondoo."

"Kondoo wa nini?"

"Wa mvua. Si wewe umekaa pale alipokuwa anakaa mtemi?"

Mtendaji akacheka, akaona wazee wa watu wamepitiwa na jua. Akapokea. Ilikuwa vibaya kukataa zawadi. Jioni mgambo wake, aliyekuwa ameusoma ubao mpaka mwisho, akamnong'oneza kinachofuata baada ya kondoo. Na miaka ile ndiyo vyama vingi vilikuwa vimeingia, kila kiongozi analala jicho moja wazi. Asubuhi Mtendaji alikuwa mashineni na mgambo wawili.

"Nani ameandika kwamba kiongozi ang'olewe?"

"Mheshimiwa," akasema Karani, aliyekuwa amevuka kuja kuuangalia ubao wake, "mtemi huyo alikufa kabla ya Mjerumani."

"Alikufa kabla ya Mjerumani, lakini mnamsoma leo."

Safari hii nikaona amezamishiwa mkono yeye, mpaka kwapani. Ubao ukachukuliwa, ukafungiwa stoo. Kondoo aliliwa, na siku si nyingi mvua ikanyesha, radi na mafuriko. Wale ajuza waliridhika kabisa. "Mtemi amefanya kazi yake," walisema, na hawakuelewa kwa nini ubao umefungwa.

Karani alikwenda kukaa kwenye benchi la ofisi kila asubuhi. Hakulalamika. Alisalimia, akakaa, mikono magotini, ule mrefu na ule mfupi, mpaka Mtendaji akachoka kuingia ofisini kwake akimkuta. Wakamrudishia ubao. Karatasi hazikuwepo. Walikuwa wamewashia moto wa chai.

Alijaribu kuzikusanya upya, akarudi kwa wasimulizi. Huyu amekufa. Yule amehamia kwa mwanawe Dodoma. Mwingine yupo, lakini anamwita Karani kwa jina la kaka yake. Na wenyeji nao wakaanza kuteleza. Mwenye Mashine alisema hataki tena mgambo mlangoni kwake, na ukutani akapigilia bango la soda. Kinyozi alisema wateja wanataka picha za mabondia. Katekista alisema zamu ya kwaya ndiyo imefika, na kwamba kondoo mweusi ni mambo ya giza. Fundi cherehani wa Busisi alifungua kibanda cha video, akasema, "Karani, ukiniletea watemi wanaopigana karate nitauweka."

Mkunga alikuwa wa mwisho kukataa, na hakukataa kwa mdomo. Nilikuwepo siku ile Kiseke. Tulikuta nyumba imejaa wajukuu, wametoka Kagera baada ya ugonjwa ule wa kukondesha kuwachukua wazazi wao. Walilala mpaka jikoni. Karani alimwinamia mmoja wao.

"Kwenu ni wapi?"

Mtoto akamtazama Mkunga.

"Hajui," Mkunga akasema. "Nitamwambia. Wakishiba nitawaambia." Kisha akafuta uso kwa kanga. "Ukuta huo naanikia nepi, Karani. Nisamehe."

Karani akaubeba ubao wake. Njiani nikamwambia, "Sasa basi. Wenyeji wamekwisha. Zamu yako imefika. Kaa hapa chini ya kivuli, unisimulie, nitaandika mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Kwani kalamu inauma?"

"Bado kuna mzee mmoja upande wa Sengerema," akasema. "Nimempata. Baba yake alikuwa mpagazi wa pembe. Nikimaliza huyo."

"Karani, wewe ni mzee. Yule wa Sengerema atakuua."

"Nikimaliza huyo, mayu."

Nimeolewa, nimezaa, nimezika, najua mtu anayekimbia. Huyu alikuwa anakimbia mbele ya zamu yake. Kila mara ilipomkaribia alimtafuta mtu mwingine wa kumweka mbele. Aliitaka na aliiogopa. Nilitaka kumkamata shati. Sikumkamata, alikuwa amekwisha panda baiskeli.

Msimu uliofuata alikuja mtu wa Busisi kula samaki, akaniambia kwamba Karani ameanguka. Nikaacha karai na mafuta yake.

Nyumba yake ilikuwa na giza na harufu ya dawa ya kuchua. Mkewe alinipokea mlangoni, mwanamke mkimya, mrefu, ambaye miaka yote nilimwona kwa mbali tu. Ubao ulikuwa umesimamishwa uani, umetegemezwa kuku wasiingie jikoni.

"Kiharusi," akasema. "Upande wa kulia wote. Na ulimi umelala. Anasema ta, ta. Basi."

"Alikusimulia kwao?"

Akajifunga kanga upya. "Nilimwuliza tangu nikiwa mwali. Aliniambia kwao walikufa, nisimchimbue. Alipoanza na huo ubao nikamwuliza tena. Akasema, utasoma siku yangu." Akageuza uso. "Wanangu wako Dar. Wakiulizwa ukoo wanataja wangu."

Nikaingia. Karani alikuwa amelazwa chali. Mkono ule mrefu, mkono uliotushika wote, ulikuwa umelala juu ya blanketi kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine. Macho yake yalinijua.

"Mwangaluka, Karani."

"Ta," akasema.

"Zamu yako. Nimekuja na karatasi."

Macho yakajaa maji. Nikamwambia asinilie, kwamba tutafanya kama yeye alivyofanya, nitauliza na yeye atajibu kwa mkono wa kushoto, akikubali aupandishe. Mkewe akasogea akakaa chini mlangoni. Yeye pia alikuwa anasubiri, masikini, maisha yake yote.

Nikaanza. Walifua chuma? Mkono haukusogea. Walivua samaki? Haukusogea. Walishona mitumbwi, walikuwa wapagazi, waganga, wachunga ng'ombe? Walitoka Ukerewe? Walitoka kusini? Hakupandisha. Alinitazama tu, na mdomo ukahangaika upande mmoja, ta, ta, na mate yakamtoka, mkewe akayafuta. Maswali yakaanza kuniishia. Mtu aliyewauliza watu maswali kama mvua, na mimi nimekaa mbele yake na karatasi nyeupe.

Nikasema, kwa kukata tamaa, kama mzaha wa msibani, "Au walikuwa watemi?"

Nusu ya uso wake ikacheka. Naapa ilicheka.

"Haya," nikamwambia, "watemi wote hawa, nani alilima?"

Mkono wa kushoto ukapanda. Ulitafuta, ukaanguka kifuani pake. Ukapanda tena, ukajipiga kifua. Tena. Alijipiga mpaka mkewe akaushika.

Nikainama karibu. "Walilima? Walimlimia nani? Wapi? Waliletwa, au walikuja? Bibi yako alikuwa nani, Karani? Jina moja tu."

"Ta," akasema. "Ta, ta, ta." Alikuwa akiniambia yote. Niliona anavyoniambia yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, uso unabubujika, na hakuna hata neno nililolipata.

Mlangoni mkewe akasema polepole, kama anayeonja chakula, "Walikuwa walimaji." Kisha akasema tena.

Niliuchukua ubao, nikavuka nao. Mtu wa kivuko akauliza kama ni mlango, nikamwambia ndiyo. Mwezi ulipoandama niliusimamisha kwenye ukuta wangu, nikapika uji wa muhogo, nikabandika karatasi moja ambayo niliandika mwenyewe kwa herufi kubwa: WA KWAO KARANI WALILIMA. Hakuna kingine. Ubao mzima wa kijani na karatasi moja daraja la kwanza.

Mkunga alikuja kutoka Kiseke na wajukuu wawili. Tulikuwa tumepata habari za msiba wa Karani asubuhi ile. Akausoma kwa ile sauti yake, na kwa kuwa ulikuwa mstari mmoja akausoma tena.

"Ni nyepesi," akasema.

"Nyepesi."

"Ulizamisha mkono?"

"Mpaka kwapani."

"Ina maji?"

"Haina," nikamwambia. "Haina hata tone."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamvuta yule mjukuu mkubwa, akamsimamisha mbele ya ubao, akaanza kumwambia kwao ni wapi.